Nyiragongo: Asili, Maana na Nasibu ya Jina la Kike

1. Utangulizi

Msafiri atokaye Goma kwa barabara ya Rutshuru hufika Kibati kabla hajaingia Kibumba. Upande wake wa kushoto husimama mlima wa Nyiragongo, wenye urefu wa mita 3,470 juu ya usawa wa bahari, na ni hapo Kibati inapoanzia njia ya wapandaji. Kibati yenyewe imo katika utawala wa kimila wa Bukumu, ndani ya teritwari ambayo nayo huitwa Nyiragongo. Kwa hiyo mkazi wa Kibati hulikuta jina hilo kila siku: akitazama juu huuona mlima, na akisoma hati zake huiona teritwari.

Hata hivyo, ni nadra sana kumsikia msichana wa Kibati akiitwa Nyiragongo. Jambo hili linastahili kushangaza, kwa sababu kwa umbo lake jina hili ni la mwanamke. Limeundwa kama yalivyoundwa Nyirasafari, Nyirarukundo na Nyirahabimana, majina ambayo wanawake wengi wa eneo la maziwa makuu wamekuwa wakipewa tangu kale. Mlima umepewa jina ambalo kwa kawaida ya lugha lingempasa binti, lakini binti mwenyewe halipewi.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza asili na maana ya jina Nyiragongo, kuchunguza sababu za kuwa nadra kwa watu, na kulilinganisha na majina mengine yenye kiambishi Nyira-. Hoja inayojengwa ni kwamba majina ya umbo moja yamepata nasibu mbili zinazopingana. Lililopewa mlima limepokelewa na wote kuwa ni la nchi, wala hakuna anayelihoji. Yaliyopewa wanawake yamegeuzwa kuwa ushahidi dhidi yao.

2. Kiambishi Nyira- na maana yake

Ili kulielewa jina hili hapana budi kuanza na sehemu yake ya kwanza. Katika Kinyarwanda, mama wa mtu mwingine huitwa nyina. Neno hili si geni kwa msomaji wa Kiswahili, kwani nina, kwa maana ya mama, limehifadhiwa katika ushairi wa pwani na katika kamusi. Katika istilahi za udugu za Kinyarwanda, umbo nyira- husimama mahali pa mama, na umbo se- husimama mahali pa baba. Bibi wa mtu ni nyirakuru na babu yake ni sekuru. Mama mkwe ni nyirabukwe na baba mkwe ni sebukwe. Ushahidi ulio wazi zaidi ni neno nyirarume, yaani mjomba. Sehemu yake ya pili ni ileile -ume ya Kiswahili, na maana yake ya asili ni "mama wa kiume", yaani ndugu wa kiume wa upande wa mama.

Katika majina ya watu jozi hii imeendelea. Se- hutangulia majina ya wanaume na Nyira- hutangulia majina ya wanawake. Hata hivyo, haitoshi kufasiri Nyira- kuwa "mama wa" kwa maana ya uzazi peke yake. Msichana mchanga aitwaye Nyirasafari hajazaa mtu aitwaye Safari. Huenda alizaliwa wazazi wake wakiwa njiani. Nyirarukundo ni mwanamke wa upendo, kutoka urukundo. Nyirabagenzi ni mwanamke wa wasafiri au wa wenzi, kutoka abagenzi. Nyirahabimana hubeba ndani yake sentensi nzima isemayo kwamba Mungu yupo, na Nyiransabimana hubeba nyingine isemayo "namwomba Mungu". Katika majina hayo yote Nyira- humtambulisha mwanamke kwa jambo linalofungamana naye.

Mfano wa Nyirasafari unastahili kutazamwa zaidi. Safari ni neno ambalo Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu, kikalipeleka bara kwa misafara, na Kinyarwanda kikalipokea na kulitia katika ukoo wa majina yake. Kiambishi hiki, basi, hakikuwa mabaki ya kale yaliyoganda. Kilikuwa hai, nacho kiliweza kupokea neno la mgeni na kulifanya jina la binti wa nyumbani.

Historia ya ufalme wa Rwanda inathibitisha upana huo wa maana. Mfalme hakutawala peke yake, bali pamoja na malkia mama, ambaye jina lake la utawala mara nyingi lilifuata la mfalme. Penye Kigeli palikuwa na Nyirakigeli, penye Yuhi palikuwa na Nyirayuhi, na penye Mibambwe palikuwa na Nyiramibambwe. Kanjogera, aliyekuwa malkia mama wa Mibambwe Rutarindwa, hakuwa mama yake mzazi. Mama huyo alikuwa amekwisha kufa. Baada ya mapinduzi ya Rucunshu ya mwaka 1896, yaliyomweka Musinga katika kiti kwa jina la Yuhi, Kanjogera akawa Nyirayuhi, safari hii kwa mtoto aliyemzaa mwenyewe. Mwanamke huyo mmoja alibeba majina mawili ya Nyira-, moja la cheo na moja la cheo pamoja na damu.

Mbinu ya kutenga majina ya wanawake kwa neno la kutangulia haiko Kinyarwanda peke yake. Katika masimulizi ya Bunyoro na Nkore, mama wa Ndahura huitwa Nyinamwiru. Katika Luganda, mama wa mapacha huitwa Nalongo, na majina mengi ya wanawake huanza na Na-. Pwani ya Waswahili ina Mwana-, kwa maana ya bibi mwenye heshima, kama katika Mwanaisha, Mwanahamisi na jina la mshairi Mwana Kupona binti Mshamu. Mzungumzaji wa Kiswahili ambaye huona Nyira- kuwa jambo geni amesahau kwamba lugha yake mwenyewe hufanya kazi hiyohiyo kwa neno jingine.

3. Gongo ni nini?

Sehemu ya pili ya jina imezaa fasiri nyingi za mitaani. Msomaji wa Kiswahili anaweza kushawishika kufikiria gongo la kutembelea, au hata pombe kali ya jina hilo. Fasiri hizo haziwezi kusimama, kwa sababu zinalichukua neno la lugha moja na kulibandika kwenye kiambishi cha lugha nyingine bila kueleza njia iliyopitiwa.

Fasiri inayoonekana kuwa na nguvu zaidi ni ile inayolihusisha jina na umugongo, yaani mgongo, kwa kuwa mlima unaweza kufikiriwa kuwa na mgongo. Lakini sarufi inaikataa. Nomino ya Kinyarwanda inapoingia katika jina la Nyira-, hupoteza irabu yake ya mwanzo tu, nacho kiambishi cha ngeli hubaki. Abagenzi hutoa Nyirabagenzi, wala si Nyiragenzi. Urukundo hutoa Nyirarukundo, wala si Nyirakundo. Kwa kanuni hiyo, umugongo ungetoa Nyiramugongo. Kwa kuwa jina ni Nyiragongo, Gongo ni lazima iwe moja ya mambo mawili: ama jina la pekee lisilo na kiambishi, ama nomino ya ngeli kama ile ya izina, yaani jina, ambayo irabu yake ya mwanzo ikidondoka hubaki shina peke yake.

Maandishi ya wageni wa kwanza yanasaidia kuchagua. Mjerumani Gustav Adolf von Götzen aliondoka Pangani mwishoni mwa mwaka 1893, akavuka Rwanda, akakutana na mfalme Kigeli Rwabugiri, na mwezi wa Juni 1894 akapanda mlima huu. Huyu ndiye aliyekuja kuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani kuanzia mwaka 1901, na ambaye chini yake vita vya Majimaji vilizuka mwaka 1905. Katika kitabu chake alichokitoa mwaka 1895, mlima unaitwa Kirunga-tscha-gongo, kwa tahajia ya Kijerumani. Ikiandikwa kwa tahajia ya Kiswahili ni Kirunga cha Gongo.

Tungo hiyo fupi ina thamani kubwa. Kirunga ni volkano, na wingi wake, ibirunga, ndio uliozaa jina la Virunga. Kiunganishi cha kingeweza kutoka katika Kiswahili cha msafara uliotoka Pangani, na kingeweza vilevile kuwa cya ya Kinyarwanda, kwa kuwa lugha zote mbili hukubaliana hapa katika ngeli na karibu kabisa katika matamshi. Lililo muhimu ni nafasi ya Gongo. Inasimama peke yake baada ya cha, mahali pa mwenye mali. Mlima ni wa Gongo, kama vile nyumba inavyokuwa ya mtu.

Umbo jingine linapatikana katika maandishi ya msafara wa Adolf Friedrich, mwanamfalme wa Mecklenburg, uliopita eneo hili mwaka 1907 na 1908. Humo mlima unaitwa Ninagongo. Hapa mama anaonekana waziwazi, kwani nina na nyina ni neno moja. Kwa kuyaweka pamoja maumbo matatu, yaani Kirunga cha Gongo, Ninagongo na Nyiragongo, fasiri inayokubaliana na sarufi na maandishi pia ni hii: Gongo ilichukuliwa kuwa jina la pekee, na Nyiragongo ni mama wa Gongo, au mwanamke anayefungamana na Gongo kama Nyirayuhi alivyofungamana na Yuhi.

Inafaa kutoa tahadhari moja kuhusu mlima wa jirani, Nyamulagira. Jina lake huanza na Nya-, si Nyira-, na viambishi hivyo viwili havina budi kutofautishwa. Nya- ya Kinyarwanda haichagui jinsia kwa lazima. Huweza kumtaja mwenye kitu kwa jumla, na hata hivyo huonekana katika jina la mzimu wa kike mashuhuri, Nyabingi, ambalo shina lake ni ndugu wa -ingi ya Kiswahili. Nyira- katika majina ya pekee, kinyume chake, humwelekea mwanamke.

4. Sababu za jina kuwa nadra kwa watu

Ikiwa Nyiragongo ni jina halali la kike, kwa nini wasichana hawapewi? Jibu la kwanza liko katika imani. Katika ibada ya Ryangombe, iliyoenea Rwanda na maeneo ya jirani, hatima ya wafu iligawanywa kwa milima. Masimulizi husema kwamba waliotiwa katika ibada huenda kukaa na Ryangombe kwenye mlima uliotulia, Muhabura au Karisimbi, ambako hula na kunywa kwa raha. Wasiotiwa hutupwa katika moto wa Nyiragongo. Jina ni dua ya mzazi kwa mtoto, na mzazi hawezi kumwombea binti yake makao ya waliokataliwa.

Jibu la pili liko katika tabia ya mlima wenyewe. Kwa miongo mingi ya karne ya 20, tangu mwaka 1928, shimo la Nyiragongo lilijulikana kuwa na ziwa la uji wa moto. Tarehe 10 Januari 1977 mbavu za mlima zilipasuka, na ziwa hilo likamwagika kwa muda usiofika saa moja, kwa kasi ambayo mtu hawezi kuikimbia. Tarehe 17 Januari 2002 nyufa zilifunguka kuanzia mlimani hadi karibu na Goma, na moto ukapita katikati ya mji mpaka ziwa Kivu. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulimwagika tena upande wa kusini, ukaunguza vijiji vya teritwari ya Nyiragongo na kusimama kwenye kingo za Goma. Mzazi wa Kibati hahitaji masimulizi ya Ryangombe ili alikwepe jina hilo. Ardhi nyeusi iliyo mbele ya mlango wake inatosha.

Kuna pia sababu ya kiisimu. Jina la pekee likishikamana sana na kitu kimoja kikubwa, hupoteza uwezo wa kurudi kuwa jina la mtu. Anayesema "Nyiragongo" hueleweka mara moja kuwa anataja mlima.

5. Jina la mlima linavyoenea

Wakati jina likiwa nadra kwa watu, kwa mahali lilienea bila kizuizi. Mkutano uliofanyika Brussels mwaka 1910 kati ya Ubelgiji, Ujerumani na Uingereza ulimaliza mzozo wa mpaka wa Kivu. Nyiragongo, Nyamulagira na Mikeno zikawa upande wa Kongo, na mpaka ukapita kati ya Goma na Gisenyi na kuelekea Karisimbi. Jina lililoundwa kwa sarufi ya Kinyarwanda likawa jina la mlima wa Kongo. Mwaka 1925 mbuga ya Albert ilianzishwa katika eneo hilo la volkano, nayo mwaka 1969 ikaitwa Virunga. Aidha, utawala uliipa teritwari nzima jina la mlima.

Elimu ya miamba nayo ilifika. Kwenye kilima cha Shaheru, kilicho ubavuni mwa Nyiragongo upande wa Kibati, wanasayansi walitambua madini kadhaa yasiyojulikana hapo awali, na mwaka 1957 wakayapa majina. Götzenite limetokana na jina la von Götzen. Kirschsteinite limetokana na jina la Egon Kirschstein, mwanajiolojia wa Kijerumani. Combeite limetokana na jina la A. D. Combe, mwanajiolojia wa Uganda ya wakati wa ukoloni. Madini hayo yalitoka ubavuni mwa mlima wenye jina la mwanamke, na yote matatu yakapewa majina ya wanaume waliotoka mbali.

Jambo moja halikutokea katika mwendo huo wote. Hakuna utawala uliodai kwamba Nyiragongo ni jina la kigeni linalopaswa kubadilishwa. Mbuga ya Albert ilibadilishwa jina. Nchi yenyewe iliitwa Zaire kuanzia tarehe 27 Oktoba 1971 na kurudi kuwa Kongo mwaka 1997. Nyiragongo ilibaki Nyiragongo.

6. Majina ya Nyira- na suala la uraia

Nasibu ya majina ya wanawake ilikuwa tofauti. Kabla ya mwaka 1972, mwanamke mkristo wa Kibati alikuwa kwa kawaida na jina la ubatizo na jina la nyumbani. Siasa ya uhalisi ya Mobutu iliyaondoa majina ya ubatizo katika hati, na sheria ya tarehe 20 Julai 1973 kuhusu majina ya watu ikaimarisha agizo hilo. Sheria ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilirudia kwamba majina yachotwe katika urithi wa utamaduni wa nchi. Matokeo yake ni kwamba jina la Nyira-, lililokuwa likisimama nyuma ya Maria au Jeanne, lilisukumwa mbele. Siasa iliyotangazwa kuwa ya kuurudisha utu wa Mwafrika ilimtaka mwanamke huyo asimame na jina lake la asili peke yake.

Wakati huohuo sheria za uraia zilikuwa zikiyumba. Sheria ya tarehe 5 Januari 1972 iliwatambua kuwa raia watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokaa Kivu kabla ya tarehe 1 Januari 1950. Sheria ya tarehe 29 Juni 1981 iliufuta msingi huo na kudai asili ya makabila yaliyokuwapo ndani ya mipaka ya tarehe 1 Agosti 1885. Sheria ya tarehe 12 Novemba 2004 iliisogeza tarehe hiyo hadi uhuru wa mwaka 1960. Mwanamke mmoja, bila kuhama kijiji, angeweza kuwa raia, kisha akatiliwa shaka, kisha akawa raia tena. Jina lake halikubadilika. Kilichobadilika ni namna lilivyosomwa.

Kosa la usomaji huo ni la kiisimu kabla ya kuwa la kisiasa. Kiambishi Nyira- huonyesha lugha iliyounda jina. Hakionyeshi mahali mtu alipozaliwa, wala tarehe ambayo wazee wake walifika. Wasemaji wa Kinyarwanda walikuwapo Bwisha na Jomba kabla ya mpaka wa mwaka 1910. Wengine waliletwa Masisi na utawala wa Wabelgiji kuanzia mwaka 1937 kwa kazi za mashamba. Wengine walikuja baadaye kama wakimbizi. Wote hao wanaweza kumpa binti jina la Nyirarukundo, na jina hilo haliwezi kuwatenganisha. Aidha, kwa ndoa na ujirani, majina ya aina hii huingia katika familia zisizojihesabu kuwa za Kinyarwanda. Anayelitumia jina kama cheti cha uraia anauliza swali ambalo jina halina jibu lake.

Hata hivyo, swali hilo liliulizwa, na liliulizwa kwa silaha. Tangu mapigano yaliyoanza Walikale na Masisi mwaka 1993, na katika vita vya 1996 na 1998, kitambulisho kwenye kizuizi cha barabarani kilikuwa karatasi ya hatari. Wala haikuwa hatari ya upande mmoja. Jina la Kihunde, la Kinyanga au la Kinande nalo lilisomwa kwa jicho hilohilo pale ambapo mwenye bunduki alikuwa wa upande mwingine. Kibati imepitiwa na mawimbi hayo yote. Mwaka 2008 kambi za wakimbizi wa ndani zilijaa hapo. Mwaka 2013 mapigano makali na kundi la M23 yalifanyika katika vilima vyake. Kuanzia mwaka 2022 watu walikimbia tena kupitia barabara hiyohiyo, na mwishoni mwa Januari 2025 Goma yenyewe ikaangukia mikononi mwa M23.

7. Majina ya Kiswahili kama kimbilio

Katika mazingira hayo, majina ya Kiswahili yana kazi ambayo wachunguzi wa majina hawapaswi kuipuuza. Wasichana wa Goma na vitongoji vyake huitwa Furaha, Neema, Zawadi, Riziki, Faida, Mapendo, Sifa, Asifiwe na Tumaini. Majina haya yanapendwa kwa maana zake njema na kwa sauti ya kidini iliyomo. Pamoja na hayo yana sifa nyingine: hayasemi kabila. Furaha anaweza kuwa Mhunde, Mnande, Mkumu, Mshi au Mnyarwanda. Anayelisikia jina hujua tu kwamba wazazi walifurahi.

Kimaana, umbali kati ya Nyirarukundo na Mapendo ni mdogo mno. Mzazi anayechagua la pili badala ya la kwanza huhifadhi dua na kuacha kiambishi. Kiambishi hicho, hata hivyo, ndicho kilichokuwa kikisema kwamba mtoto ni mwanamke na kwamba ana nafasi katika safu ya wanawake waliotangulia. Mapendo na Bahati huweza kuitwa wavulana pia. Kwa hiyo usalama huo una gharama yake.

Ni kweli kwamba vita si sababu pekee ya kupungua kwa majina ya Nyira-. Nchini Rwanda kwenyewe, ambako hakuna anayeulizwa uraia kwa sababu ya kiambishi hicho, vizazi vya karibuni vimeyaacha kwa kuyaona kuwa ya kizamani na ya shamba, vikachagua kina Umutoni, Uwase na Ingabire. Tofauti ni kwamba huko jina linaachwa kama nguo iliyopitwa na wakati. Huku Kivu laweza pia kuachwa kwa hofu. Mwanaisimu anayehesabu majina katika daftari ataona upungufu uleule pande zote mbili za mpaka. Sababu za upungufu hazimo katika daftari.

8. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Nyiragongo ni jina la kike lililoundwa kwa kanuni zinazojulikana, kwamba Gongo haiwezi kuwa mgongo kwa mujibu wa sarufi hiyohiyo, na kwamba maandishi ya 1894 hadi 1908 yanaunga mkono fasiri ya mama wa Gongo, au mwanamke anayefungamana na Gongo. Imeelezwa pia kwamba kuwa nadra kwa jina hili miongoni mwa watu kunatokana na imani, na moto, na ukubwa wa kitu kilichokwisha kulichukua.

Kwa wanafunzi wa majina kuna funzo la utaratibu. Umbo la jina ni ushahidi wa lugha, na likilazimishwa kuwa ushahidi wa damu au wa mipaka hudanganya. Kazi inayofaa kufanywa mapema ni kukusanya majina ya Nyira- kutoka vinywani mwa wanawake wazee wa Kibati, Kibumba na Rugari, pamoja na masimulizi ya sababu za kupewa, kabla wenyewe hawajatoweka. Kazi hiyo itahitaji uangalifu mkubwa, maana orodha ya majina katika nchi yenye vita si orodha ya kawaida. Inafaa maelezo yachapishwe na wenyewe wasitajwe.

Mlima haukuwahi kuonyesha kitambulisho. Wazee waliompa binti jina la Nyirasafari na wale waliouita mlima Nyiragongo walitumia sarufi moja. Asiyeona ugeni katika jina la mlima hana msingi wowote wa kisarufi wa kuuona katika jina la binti anayeishi chini yake.